Perth hadi Adelaide kwa gari: naombeni habari za Eyre Highway

MamaNeema_Perth

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muuguzi, nipo Perth mwaka wa sita sasa. Nimepata kazi Adelaide na natakiwa kuripoti wiki ya mwisho ya Agosti. Mume wangu anasema gari tusiliuze, tuondoke nalo wenyewe tukiwa na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine minne.

Nimeangalia ramani. Huku chini ya nchi naona mstari mmoja tu, bahari upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu. Unaitwa Eyre Highway. Kazini kila ninayemuuliza ananijibu kwamba inachosha, basi. Hilo halinisaidii. Nataka kujua inaanzia wapi na kuishia wapi, mafuta yapo wapi, na kama usiku inapitika. Halafu Neema, huyu mkubwa, ameniuliza swali ambalo nimeshindwa kulijibu: kwa nini wamepitisha barabara mahali pasipo na watu?

Aliyewahi kuipita anijuze. Andikeni hata kwa urefu, nitasoma yote.

Kijana_wa_Pemba

Dada, ushauri wangu ni pandeni ndege. Gari mpe msafirishaji alilete nyuma yenu. Perth hadi Adelaide ni kama kilomita 2,700, na mtoto wa miaka minne hawezi kukaa kwenye kiti siku tatu nne. Mimi nilipita mara moja tu, na nilichokiona ni vichaka na anga.

Utingo_wa_Zamani

Dada, salamu zako na za shemeji. Mimi nakaa Adelaide, naendesha lori kati ya huku na Perth, huu ni mwaka wa tisa. Karibu kila wiki naipita hiyo barabara kwenda na kurudi. Umesema utasoma yote, basi nitaandika yote, na nitaanza na swali la Neema kwa sababu ndilo zuri kuliko yote. Mafuta tutayafikia.

Kwanza vipimo. Eyre Highway inaanzia Norseman, mji wa dhahabu huko Western Australia, na kuishia Port Augusta, South Australia. Ni kilomita 1,670 hivi. Kwa hiyo kutoka kwako Perth hadi Norseman, kilomita kama 720, bado hujaikanyaga. Na ukishafika Port Augusta unabakiwa na 300 na kitu kuingia Adelaide. Kwa walioko nyumbani: hiyo Eyre peke yake ni ndefu kuliko Dar es Salaam hadi Mwanza, ila katikati ondoa Morogoro, ondoa Dodoma, ondoa Singida na Shinyanga. Weka vituo vya mafuta tu.

Sasa kwa nini imepita pale. Jibu langu kwa Neema ni maji.

Ile nyika inaitwa Nullarbor, jina la Kilatini lenye maana ya hakuna mti. Ardhi yake ni jiwe la chokaa. Mvua ikinyesha inazama kwenye nyufa na mapango chini, kwa hiyo juu hakuna mto wala kijito. Unaweza kusimama pale baada ya mvua ukatafuta maji ya kunawa mikono ukakosa. Lakini pwani, chini ya majabali, kuna sehemu chache zenye vilima vya mchanga mweupe, na mle mchangani ukichimba unapata maji baridi ya kunywa. Wenyeji wa pale, Wamirning, walikuwa wanajua kila mahali penye maji hayo na jinsi ya kuyachimba. Hiyo ndiyo ramani ya kwanza ya njia ile. Yote yaliyokuja baadaye yameipanda juu yake.

Mwaka 1841 Mwingereza aitwaye Edward John Eyre alitoka Fowlers Bay, ambayo leo ipo upande wa South Australia, akielekea magharibi. Alikuwa na msimamizi wake John Baxter na vijana watatu Waaborijini: Wylie, Joey na Yarry. Huyu Wylie alikuwa Mnoongar wa huko Albany, yaani kwao ndiko walikokuwa wanakwenda. Penye kichwa cha ile ghuba kubwa ya kusini, Great Australian Bight, wenyeji waliwaonyesha visima vya mchangani. Mwezi Machi wakafika kwenye vilima ambako leo ni Eucla, wakiwa wamekaukiwa, wakakuta visima vilivyochimbwa na wenyeji. Mbele zaidi, kusini ya kituo kinachoitwa Cocklebiddy leo, wakapata mchanga mwingine wenye maji, wakapumzika karibu mwezi mzima.

Walipoondoka hapo hazikupita siku nyingi. Usiku wa tarehe 29 Aprili, Joey na Yarry walimpiga risasi Baxter, wakachukua bunduki na sehemu kubwa ya chakula, wakatokomea. Alipouawa ni kusini ya Caiguna, juu ya majabali. Jiwe lake la kumbukumbu lipo huko, lakini gari lenu dogo halifiki. Eyre hakuweza hata kumzika, maana chini ni mwamba mtupu. Akabaki na Wylie peke yake. Siku kadhaa tena bila kuona maji, wakila nyama ya farasi na chochote walichookota. Juni wakaiona meli ya Kifaransa ya kuvua nyangumi, Mississippi, nahodha wake Rossiter, karibu na Esperance ya leo. Wakalishwa humo wiki mbili. Tarehe 7 Julai 1841 wakaingia Albany wote wawili.

Wote wawili, dada. Kila nikipita naona kibao cha Eyre, na kila mara namkumbuka Wylie. Wenzake walipoondoka na bunduki yeye alibaki. Alitembea jangwa lile lile, kiu ile ile, tena akiwa kijana wa kufuata safari isiyo yake. Barabara ikapewa jina la mmoja. Hili huwa linaniuma, na nikikaa na madereva wapya ndilo jambo la kwanza ninalowaambia.

Tuendelee. Mwaka 1877 waya wa telegrafu ulimalizika kuunganisha Perth na Adelaide. Nguzo zilifuata wapi? Zilifuata maji yale yale. Kule kwenye mchanga wa Eyre wakajenga kituo, na pale Eucla wakajenga kingine kikubwa, kwa sababu Eucla ilikuwa mpakani mwa makoloni mawili. Kila upande ulikuwa na alama zake za kugonga, hazikufanana. Kwa hiyo karani wa upande mmoja alipokea ujumbe, akauandika kwenye karatasi, akampa karani wa upande wa pili ndani ya jengo hilo hilo, naye akaugonga upya kwa alama za kwao. Habari zote za Perth kwenda mashariki zilipita mikononi mwa watu hao wachache waliokaa mchangani. Kilifungwa 1927, waya mpya ulipopita kando ya reli.

Magofu yake yapo hadi leo, kilomita chache kutoka kituo cha Eucla. Sungura walifika miaka ya 1890, wakala majani yaliyoshika mchanga, na mchanga ukaanza kutembea. Leo kuta zimezama nusu, wiki nyingine unaona dirisha, wiki nyingine hulioni. Wapeleke watoto wakacheze hapo. Ukiwa na nafasi ya kusimama mara moja tu kati ya Norseman na Ceduna, simama hapo.

Baada ya nguzo ikaja njia ya kukagua nguzo, na watu wakaanza kuifuata. Mwaka 1896 kijana mmoja, Arthur Richardson, alipanda baiskeli Coolgardie na kufika Adelaide baada ya siku 31, akifuata waya. Baiskeli, mwisho wa Novemba, joto la huko. Gari la kwanza kuvuka lilikuwa la Francis Birtles mwaka 1912. Lakini barabara yenyewe hapakuwa nayo. Mtu alifuata alama za magurudumu ya aliyemtangulia.

Kilicholeta barabara ni vita. Reli ilishavuka mwaka 1917, ila inapita ndani sana, mbali na pwani, na ndiyo hiyo yenye kilomita 478 zilizonyooka bila kona. Mwaka 1941 serikali iliona upande mzima wa magharibi unategemea reli moja na meli, na bahari ilikuwa haina usalama. Wakapasua njia ya changarawe, ikamalizika 1942. Miaka mingi ikabaki hivyo hivyo, mashimo na vumbi laini kama unga wa sembe. Western Australia walimaliza kuweka lami upande wao 1969. Ukifika mpakani lami inakatika, unaingia kwenye vumbi la South Australia, mpaka Septemba 1976 nao walipomaliza. Wazee tuliowakuta kazini walikuwa wanasema mpakani unafunga vioo na kufunga mdomo.

Upande huo wa South Australia, walipoweka lami waliihamisha barabara kusini, karibu na bahari. Ya zamani ilipita ndani, kwenye shamba la kondoo la Koonalda, ambako palikuwa na pampu ya mafuta. Barabara ilipohama, Koonalda ikafa. Magari yaliyoharibikia kwenye vumbi la zamani yamelala pale mpaka leo, yamepangwa safu kwenye jua. Na karibu hapo lipo pango ambamo watu walikuwa wanachimba gumegume na kuacha alama za vidole kwenye kuta laini, zaidi ya miaka 20,000 iliyopita. Kwa hiyo mtu akikuambia mahali pale hapakuwa na watu, mwambie alikuwepo mtu mle ndani gizani, na moto mkononi, kabla hakujajengwa mji wowote duniani.

Mkono umechoka, kesho nitaandika ya mafuta.

Mwalimu_Kibena

Ndugu Utingo, nimesoma kwa makini. Mimi ni mwalimu wa historia, sijawahi kufika Australia. Ila huyo Edward John Eyre namfahamu kwa njia nyingine, na nadhani wasomaji wanapaswa kujua.

Miaka 24 baada ya safari hiyo alikuwa gavana wa Jamaica. Oktoba 1865 wakulima weusi wa Morant Bay, wakiongozwa na shemasi wao Paul Bogle, waliandamana hadi mahakamani wakidai haki na ardhi. Watu walipigwa risasi, wao nao wakawasha moto, na damu ikamwagika pande zote mbili. Gavana Eyre akatangaza sheria ya kijeshi. Watu zaidi ya 400 waliuawa, wengine mamia wakachapwa viboko, nyumba kama 1,000 zikachomwa. Bogle akanyongwa. Na George William Gordon, mjumbe wa baraza aliyekuwa Kingston ambako sheria hiyo ya kijeshi haikufika, alikamatwa, akasafirishwa kwa meli hadi Morant Bay ili ahukumiwe na wanajeshi, naye akanyongwa.

Eyre aliondolewa kazini. Uingereza iligawanyika: akina John Stuart Mill walitaka ashtakiwe kwa mauaji, wengine wakamchangia fedha za kujitetea. Hakuna hukumu iliyompata. Bogle na Gordon leo ni mashujaa wa taifa la Jamaica. Mama Neema, hilo nalo mweleze mwanao atakapokuwa mkubwa kidogo.

MamaNeema_Perth

Mwalimu, asante. Kaka Utingo, sijui nikushukuru vipi. Nimemsomea Neema sehemu ya Wylie akanyamaza kabisa, halafu akauliza, "Alipofika kwao mama yake alikuwepo?" Mume wangu ameshachukua karatasi, anasubiri hayo ya mafuta. Na mimi kama muuguzi nina swali langu: mtu akiumia katikati ya barabara hiyo, inakuwaje?

Utingo_wa_Zamani

Mwalimu, hilo la Jamaica nilikuwa silijui. Nimelisoma jana nikiwa nimepaki Ceduna, na kilomita zote za leo nimeendesha nalo. Mtu yule yule aliyekuwa anakufa kwa kiu, watu weusi wakamshika mkono wakampeleka kwenye maji. Kijana mweusi akatembea naye mpaka mwisho. Baadaye anapewa madaraka juu ya watu weusi wengine anafanya hayo. Sina la kuongeza. Ila kuanzia leo madereva wapya nitawaambia hadithi zote mbili.

Sasa dada, haya ya shemeji. Aandike.

Kutoka Norseman, kituo cha kwanza ni Balladonia, kilomita 191. Halafu Caiguna, 182. Cocklebiddy 65, Madura 91, Mundrabilla 115, Eucla 66, na kilomita 12 mbele ni Border Village, mpakani. Kutoka hapo hadi Nullarbor Roadhouse ni kama 187, ukiwa na majabali ya bahari mkono wako wa kulia. Kisha Nundroo 145, Penong 80 kasoro kidogo, Ceduna 73. Kutoka Ceduna hadi Port Augusta ni 468, lakini huko una vijiji na mashamba ya ngano, Wudinna, Kimba, hofu imeisha. Umeona? Hakuna pengo linalofika kilomita 200. Gari lolote zima linatosha. Kosa la watu ni kuruka kituo kwa sababu bei ni kubwa, wakidhani cha mbele kitakuwa rahisi. Jaza tangi Balladonia hata kama ni nusu. Upepo wa huko ukikupiga usoni gari linakunywa mafuta kuliko ulivyozoea.

Maji bebeni ya kwenu, angalau madumu mawili ya lita ishirini. Vituoni maji ni ya shida hadi leo. Yanachimbwa chini yakiwa na chumvi na kusafishwa kwa mashine. Usimwombe mwenye kituo akujazie dumu kama vile uko mjini. Atakupa kwa roho nzuri, lakini anayahesabu.

Usiku usiendeshe. Hilo nakuomba kama ndugu. Agosti jua linazama mnamo saa kumi na mbili, na saa kumi na moja jioni kangaruu wanaanza kutoka. Kuna ngamia pia, na wombati, mnyama mfupi mzito kama jiwe. Lori langu lina vyuma mbele na bado nikimgonga kangaruu mkubwa nasikia kwenye usukani. Gari lenu dogo litaingia bondeni. Mnyama akitokea ghafla, kanyaga breki ukiwa umenyoosha, usikate kona. Niliowakuta wamepinduka, wengi walikuwa wamemkwepa mnyama.

Malori yetu yana matrela, yanafika urefu wa mita 36.5. Ukitaka kuovateki, subiri uone zaidi ya kilomita nzima iliyo wazi mbele. Shemeji akinunua redio ya mkononi ya madereva, afungue chaneli 40, aseme "gari dogo jeupe nyuma yako naomba kupita". Tutamjibu. Tunapenda mtu anayesema.

Kati ya Balladonia na Caiguna mtaingia kwenye mstari ulionyooka wa kilomita 146.6. Kuna kibao, watu hupiga picha. Hapo ndipo usingizi unapoua. Badilishaneni usukani kabla ya kibao, si baada. Hapo Balladonia waonyesheni watoto vipande vya Skylab. Ni kituo cha angani cha Wamarekani kilichoanguka Julai 1979 na mabaki yake kutawanyika upande huo, halmashauri ya Esperance ikaiandikia NASA faini ya dola 400 kwa kutupa taka.

Saa zitawachanganya. Perth ikiwa saa sita mchana, Adelaide ni saa saba na nusu. Vituo vya kati, kuanzia Caiguna hadi Border Village, wana saa yao wenyewe, saa sita na dakika 45. Haipo kwenye sheria, wameamua tu, na inawafaa. Jikoni mwao wanafunga kwa saa hiyo, kwa hiyo msifike mkakuta sufuria zimeoshwa.

Swali lako la uuguzi. Ukiwa njiani utaona sehemu fulani lami imepanuka na imechorwa mistari minene myeupe kama ya uwanja wa ndege. Ni uwanja wa ndege kweli. Ndege ya madaktari inatua juu ya barabara, magari yanasimamishwa pande zote mbili, mgonjwa anapakiwa. Niliwahi kusimamishwa hivyo usiku. Tulipanga malori tukawasha taa, ndege ikashuka mbele yetu, na hakuna dereva aliyepiga honi wala kuzungumza. Simu inashika karibu na vituo, sehemu kubwa ya katikati haishiki, kwa hiyo beba sanduku lako la dawa ukijua wewe ndiye utakayekuwa daktari wa kwanza kufika popote.

Pia sikilizeni habari za moto kabla ya kutoka Norseman. Mwisho wa 2019 moto wa msituni uliifunga barabara siku 12, hadi Januari 2020. Mimi nilikaa Norseman siku tano na mzigo wa vyakula. Familia zililala ndani ya magari, wenyeji wakawapikia. Kuzunguka hakuna. Njia nyingine ya lami kutoka magharibi kwenda mashariki ni kupanda hadi kaskazini kabisa, maelfu ya kilomita.

Kuhusu miti, msitegemee tambarare tupu njia nzima. Kuanzia Norseman ni misitu ya mikaratusi, mizuri sana asubuhi, magome yake yanang'aa kama shaba iliyosuguliwa. Madura mnashuka kwenye genge, bonde linafunguka mbele yenu hadi bahari, kisha hadi Eucla mnatembea chini, ukuta wa genge ukiwa kushoto. Hapo Madura zamani walikuwa wanafuga farasi wa jeshi la Waingereza huko India. Nyika isiyo na mti kabisa mtaiona kwa muda mfupi tu, pande za Nullarbor Roadhouse.

Mashariki kidogo ya kituo hicho kuna njia ya kushuka kulia kwenda Head of Bight. Agosti ni msimu. Nyangumi wanakuja kuzaa pale chini ya majabali, unasimama juu kwenye jukwaa la mbao unamwona mama na mtoto wake majini kama unavyoona mtumbwi kutoka gatini. Lipeni kiingilio, kaeni saa mbili. Ardhi ile ni ya watu wa Yalata. Wengi wao waliletwa huko 1952 kutoka Ooldea, kaskazini penye reli, ambako palikuwa na chemchemi ya mchangani waliyoitegemea karne na karne. Reli ilivuta maji yake mpaka ikaharibika. Kisha Waingereza wakaja kulipua mabomu yao ya nyuklia Maralinga, kwenye ardhi yao hiyo hiyo. Mkiwakuta, salimieni vizuri.

La mwisho, matunda. Mkielekea mashariki, Ceduna kuna kizuizi. Wanakagua gari na kuchukua matunda na mboga kwa ajili ya inzi wa matunda, na faini ni kubwa. Nimeona mama analia akinyang'anywa maembe. Kuleni yote kabla.

Mpango wangu kwenu: siku ya kwanza laleni Norseman. Ya pili laleni Cocklebiddy au Madura, msilazimishe Eucla. Ya tatu Eucla asubuhi kwenye magofu, mlale Nullarbor Roadhouse. Ya nne nyangumi, kisha Ceduna. Ya tano nyumbani Adelaide kama hamjachoka, au mgawanye Port Augusta.

Kijana_wa_Pemba

Nimejifunza. Mimi nilipita hapo usiku na mchana bila kusimama, kumbe sikupita. Dada, nafuta ushauri wangu wa ndege.

MamaNeema_Perth

Tupo Ceduna, wazima. Naandika watoto wamelala.

Mume wangu alisema chaneli 40 mara nne, na mara zote walimjibu. Wa mwisho alimwashia taa ya kulia na kumwambia njia iko wazi, wapitishe watoto salama. Kangaruu tuliwaona wengi, hatukugusa hata mmoja kwa sababu saa kumi na nusu tulikuwa tumeshapaki. Machungwa saba tuliyala Penong tukiwa tumekaa chini ya zile pampu za upepo, mdogo akaumwa tumbo kidogo, sasa amepoa.

Nyangumi tulihesabu kumi na mmoja, na watoto wao. Mmoja alikuwa mweupe. Nilisimama pale nikasahau baridi.

Lakini Eucla ndiyo tuliyokaa muda mrefu. Mlango wa jengo umefukiwa hadi kiunoni kwangu. Neema hakutaka kupanda kilima kama mdogo wake. Alikwenda kwenye bonde kati ya vilima viwili akaanza kuchimba kwa mikono, nikajua anatafuta nini, nikamwacha. Baba yake akaenda kumsaidia kwa sahani ya plastiki. Walipofika kina cha mkono wangu mchanga ukabadilika rangi, ukawa mweusi na wa baridi, ukishika unaganda kiganjani. Maji yenyewe hatukuyafikia. Tulikuwa na kilomita mia mbili mbele na jua halisubiri.

Amechukua mchanga huo kwenye chupa ya dawa niliyoosha. Hapa kwenye kizuizi walimkagua, akawaonyesha, akaeleza habari za Wylie tangu mwanzo mpaka Albany. Afisa alisikiliza yote, foleni ikiwa nyuma yetu, akamrudishia chupa yake.

Kaka Utingo, ukiwa Adelaide Jumapili tutakuwa na pilau. Tujulishe unakula na pilipili au bila.